Bili hewa za Medicaid: kabla hujapiga simu yoyote, soma hapa

Usipige hiyo namba, mkuu. Na ule ujumbe unaoandaa kwa grupu la WhatsApp la wahudumu wenzako, ufute kabisa.

Umesema kampuni yenu ya kuhudumia wazee majumbani huko Texas inaidai Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, fedha za ziara hewa, na jamaa amekushauri uwapigie wakaguzi wa Wizara ya Afya ya Marekani, ukae usubiri "asilimia zako". Umeuliza pia habari za green card na kuhamia jimbo jingine. Hayo yatasubiri.

Huyo mshauri wako alipaswa kutozwa faini kwanza. Simu hailipi! Ukipiga umekuwa raia mwema, unaambiwa asante na mazungumzo yameisha. Mgao wa fedha zinazorudishwa chini ya False Claims Act, sheria ya madai ya uongo kwa serikali, ya tangu 1863 enzi za Lincoln, unatokana na kesi uliyoifungua mwenyewe kwa niaba ya serikali katika mahakama ya shirikisho. Wale wa YouTube wanaohubiri "ripoti upate mamilioni" hukiruka hiki kipande, sijui ni uvivu au roho mbaya.

Halafu kuna balaa lenyewe. Kesi ikishafunguliwa, hakuna mtu mwingine zaidi ya serikali anayeruhusiwa kuleta nyingine juu ya mambo yaleyale. Aliyetangulia ndiye mwenye mgao, hata kama wewe ndiye uliyeugundua wizi na ndiye mwenye makaratasi mengi zaidi. Na kwa kuwa kesi ya kwanza hukaa mahakamani kwa siri, huwezi kujua kwamba umepitwa. Utapanga mafaili yako kwa rangi, kumbe yule dada wa mishahara uliyemnong'oneza wakati wa chai alishafika kwa wakili kitambo. Hongera, umemtafutia mtaji.

Kwa hiyo ni wakili kwanza, tena anayefanya kesi za qui tam, yaani hizi za mtu binafsi kushtaki kwa niaba ya serikali, siyo yule aliyekusaidia ajali ya gari. Wengi wao hulipwa kesi ikishinda tu, na mahakama nyingi hazikuruhusu kwenda peke yako. Yeye atafungua hati kwa siri na kuipa serikali maelezo ya maandishi ya ushahidi wote wa maana ulio nao. Mshtakiwa hapewi nakala. Siri hiyo ni siku 60 kwa uchache, lakini serikali huomba nyongeza juu ya nyongeza hadi inafika miaka, na muda wote huo bosi unamsalimia kama kawaida. Kuna watakaokutajia uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2016, State Farm dhidi ya Rigsby, kwamba kuvunja siri hakufuti kesi. Wamesoma nusu. Hakuifuti moja kwa moja, ila jaji akiamua kuifuta anaweza.

Ushahidi: "bosi ni mwizi" itatupwa. Jaji anataka nani, nini, lini, wapi, kwa njia gani. Mgonjwa yupi, tarehe ipi, saa zipi zimeandikwa kwenye fomu, na ratiba inayoonyesha mhudumu huyo siku hiyo alikuwa mapumziko. Kisha bili iliyopelekwa, au angalau namna unavyojua kwamba ilipelekwa. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wana ratiba bila bili, wakati kosa lenyewe ni dai la uongo kwa serikali, siyo uzembe kazini. Chukua nyaraka unazozishika kwa kazi yako tu. Kompyuta ya bosi usiichokonoe, na barua zake na mawakili wake usiziguse. Sheria ya siri za wagonjwa inakuruhusu kumpa wakili wako nyaraka hizo. Haikuruhusu kuziweka kwenye simu ya shemeji.

Asilimia, kwa kuwa najua ndizo zilizokuleta: 15 hadi 25 serikali ikijiunga na kesi, 25 hadi 30 isipojiunga, kutoka kwenye kinachopatikana. Ukifukuzwa kwa sababu hii, sheria inakupa kurudishwa kazini na mshahara uliokosa mara mbili, mradi udai ndani ya miaka mitatu.

Sasa nijibu hapa bila kutaja jina la mtu: wangapi hapo kazini wanajua unachokijua? Kama yupo hata mmoja, wakili ni wa kesho asubuhi.