Kabla ya kupanda Ngong, kata kucha

Vilima vya Ngong, nje kidogo ya Nairobi, vilininyang'anya ukucha wa kidole gumba cha mguu, na haukutoka wakati wa kupanda. Kupanda kulinitoa jasho tu. Mteremko ndio ulionimaliza: kila hatua mguu unateleza mbele ndani ya kiatu, kidole kinagonga ncha, tena na tena, kwa saa nzima. Raba zangu zilikuwa za kwendea sokoni na zilinibana kidogo, nikajiambia zitalegea njiani. Jioni nilipovua soksi, ukucha ulikuwa mweusi kama zambarau. Wiki tatu baadaye uling'oka wenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza nikushauri nini kuhusu safari yako ya kwanza ya Ngong, sitaanza na mkoba wala fimbo. Kata kucha za miguu usiku wa kuamkia safari. Vaa viatu vinavyokuachia nafasi mbele ya vidole, vyenye soli ya meno, na kabla ya kila mteremko mrefu inama ukaze kamba pale kwenye kifundo ili mguu usisogee. Basi. Hayo peke yake yangeniokoa.

Watu wa Nairobi wakipata hamu ya milima hukimbilia Longonot, kwa sababu picha zake zinapendeza. Sina ugomvi na Longonot. Lakini kwa mtu ambaye mazoezi yake ni kupanda ngazi siku lifti imeharibika, Ngong ni ya huruma zaidi. Kilele cha juu kabisa, Lamwia, kiko mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na hesabu hiyo isikutishe: Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700, kwa hiyo sehemu kubwa ya mlima umeshaipanda ukiwa bado umelala kitandani. Matatu namba 111 itakupandisha tena hadi mji wa Ngong, na boda itamalizia mpaka getini. Uzuri mwingine ni kwamba njia inafuata mgongo wa vilima, kilima baada ya kilima, na hakuna anayekulazimisha kuvimaliza vyote saba. Ukichoka kwenye cha pili, geuka. Hutakuwa umepotea wala kukwama.

Binamu yangu wa Likoni alipokuja kunitembelea nilimpeleka huko. Alitazama vilima kutoka mbali, vimejipanga kama vifundo vya ngumi, akacheka: "Hivi ndivyo unavyoniringia?" Kwenye kilima cha kwanza alikaa chini mara tatu. Mtu aliyetoka usawa wa bahari juzi, kifua chake bado hakijauzoea hata Nairobi, sembuse Ngong. Mgeni wa pwani mpe siku mbili tatu za kuzoea kwanza, na mwache yeye atangulie ili mwendo uwe wake.

Kitu ambacho wengi hawakijiandalii ni upepo. Ile mitambo ya umeme wa upepo utakayoikuta karibu na geti haikuwekwa pale kwa ajili ya picha za harusi. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, wanazalisha pale kwa sababu upepo haupumziki. Ukisimama chini ya mmoja unasikia panga zake zikikata hewa, vuu, vuu, na huwezi kuongea bila kupaza sauti. Upepo huo una hila mbili. Ya kwanza, fulana yako ya pamba iliyolowa jasho inageuka kitambaa cha barafu mara tu unapofika kileleni, kwa hiyo beba koti jepesi hata kama Nairobi umeiacha na joto. Ya pili, hulisikii jua. Unaona baridi, kumbe masikio na shingo vinaungua. Mimi masikio yalibambuka, na rangi yangu si ya kuungua kirahisi.

Mambo ya getini ni mepesi. Kuna ada ya kuingia, kwa hiyo simu iwe na chaji na M-Pesa iwe na salio. Omba askari wa misitu awasindikize, hasa mkipanga kupita minara ya mawasiliano. Mbele ya hapo watu hupungua, na wako walioporwa miaka iliyopita. Mkiwa kundi gharama inagawanyika. Yule wetu alituonyesha kinyesi cha nyati ambacho sisi tungekikanyaga tukidhani ni cha ng'ombe.

Maji usitegemee kuyapata juu. Mimi hubeba lita mbili, na chakula changu ni viazi vitamu na mayai ya kuchemsha, kwa sababu biskuti katika upepo ule zinakausha koo. Machi hadi Mei usiende, njia inakuwa utelezi mtupu. Julai ukungu unaweza kukunyima kila kitu. Januari na Februari, ukifika mapema, mashariki unaona jiji lote na magharibi Bonde la Ufa linashuka mpaka mlima Suswa.

Tulipofika kilima cha tatu binamu alisema amefika, nami sikubishana. Tulikaa nyuma ya kichaka kuukwepa upepo, tukamenya mayai. Aliposimama tu kupiga picha, kofia yake ilichomoka kichwani, ikavuka ukingo na kushuka bondeni ikibingirika hewani. Askari hata hakugeuka, nadhani ameona nyingi. Sasa binamu anasema anavidai vilima vinne, atarudi Januari. Nimemwambia safari hii alete kofia yenye kamba.