Tumbo linajaa kila nikila, niache nini?

SWALI: Shikamoo dada. Mi niko Ujiji hapa Kigoma, nina miaka 34, karibia mwaka sasa nikila tu tumbo linajaa gesi, linaunguruma mpaka naona aibu kwenye bajaji, siku zingine naharisha. Nimepima choo mara mbili, hakuna minyoo wala amiba. Jirani anasema niache mawese, wifi anasema maharage, mama mkwe kasema dagaa, sasa nikiwasikiliza wote si nitabaki na maji tu? Nasikia unaweza kuacha vyakula kwa muda ujue kipi kinakukataa, inafanywaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuanza na choo. Hiyo njia ipo, ila watu wengi wanaikosea, wanaacha vitu kibao, wakipata nafuu wanabaki hivyohivyo miezi na miezi bila kujua mbaya wao ni nani. Kurudisha chakula ndo kipimo chenyewe.

Wiki ya kwanza usiache kitu, chukua daftari andika umekula nini, saa ngapi, na tumbo limeanza saa ngapi. Na usiandike "chai", andika chai ya maziwa kikombe kimoja, chapati mbili. Maana mi wala nisingeanza na mawese, ningeanza na hayo maziwa. Wengi wetu tukishakua, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinapungua, basi ile sukari inafika utumbo mpana haijasagwa, bakteria wanaichachua, ndo hiyo gesi na kuharisha. Mtindi unaweza usikusumbue kwasababu umeshachachuka, sehemu ya sukari imeliwa tayari.

Baada ya hapo wiki 2 mpaka 3 weka pembeni maziwa (hata ya unga), vitu vya ngano, maharage, na kitunguu, ambacho naona hakuna aliyekitaja wakati kinajaza gesi kuliko mawese. Ugali wa muhogo, wali, mgebuka, dagaa, mchicha, we kula.

Tumbo likitulia unarudisha kimoja kimoja. Maziwa: leo nusu kikombe, kesho kikombe kizima, halafu unasubiri siku 3 bila kuongeza kingine. Ukinywa chai ya maziwa na chapati asubuhi moja umeharibu kazi yote, hutojua ni nani. Na kama wiki 3 zimeisha hamna mabadiliko, rudia kula kama kawaida uende hospitali, shida sio hivyo vyakula.

Usijaribu haya peke yako ukiwa mjamzito au unanyonyesha, wala usimfanyie mtoto. Ukiona damu kwenye choo au unakonda, nenda hospitali sasa hivi. Na chakula kilichowahi kukuvimbisha midomo au kukubana pumzi usikirudishe nyumbani kabisa, hiyo ni aleji, kitu kingine.

Mama mkwe mwambie dagaa wake unakula, kitunguu tu ndo asikuwekee, asije akasema umemsusia chakula.