Matundu ya usoni: weka ndimu chini kwanza

Mdogo wangu wa Tabata, umeuliza kama ndimu na baking soda vitafunga matundu ya ngozi ya pua ndani ya wiki mbili. Havitafunga. Kitundu cha ngozi hakina msuli, hakifunguki kwa mvuke wala hakifungwi kwa barafu. Ukubwa wake mwingi umeurithi. Mafuta, uchafu ulioganda ndani na jua ndivyo vinavyokifanya kionekane zaidi. Ndimu yenyewe ni kali: ukitoka nayo juani, unaweza kuungua na kubaki na madoa meusi. Nilijipaka mwaka fulani, kabla ya harusi ya binamu yangu. Picha nimezificha.

Joto hili la Dar linatutoa mafuta hadi kwenye daladala, lakini usisugue uso kwa dodoki. Osha asubuhi na usiku kwa sabuni laini, ya uso, siyo ya kufulia. Kisha uliza duka la dawa kitu chenye asidi ya salisiliki, asilimia 2 au chini. Inaingia kwenye mafuta na kulegeza yale yaliyoziba. Anza mara tatu kwa wiki, jioni. Ukikauka, punguza. Mafuta ya nazi usoni acha, yanaziba.

Asubuhi, losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kiwango cha kinga) 30 kwenda juu, hata kama ni mawingu. Ipe ngozi wiki nane hivi. Na mkorogo wa kopo lisilo na lebo, hata ukipewa bure, kataa.