Jiko la nyumba ya zamani: vigae weka pembeni kwanza

Mkuu umesema jiko la wazazi wako kuta zimekuwa nyeusi kwa masizi, plasta inabanduka, unataka ulikarabati mwenyewe na unauliza ununue vigae saizi gani. Vigae weka pembeni kwanza aisee. Chukua bisibisi chokonoa ukuta sehemu mbili tatu uone umejengwa kwa nini, maana hapo ndo kila kitu kinaanzia.

Mimi nilishika jiko la bibi yangu Pangani, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, zile kuta nene za kizamani. Nikabandua plasta iliyochoka nikapiga ya saruji ukuta mzima, juu nikamaliza na rangi ya mafuta, bibi akafurahi kweli. Masika ilipoingia tu kule chini kukaanza kuvimba, ukigonga panalia wazi, chumvi nyeupe inatoka kama unga, mwisho vipande vikawa vinadondoka na mawe juu yake. Mzee mmoja fundi wa mtaani akaja akaangalia akaniambia mwanangu ukuta huu unapumua, unyevu unapanda toka ardhini unatokea usoni, sasa wewe umeuziba, maji yapite wapi? Iliniuma sana maana zile kuta zilikuwa zimesimama tangu mama yangu hajazaliwa.

Tukabandua yote tukarudi kwenye chokaa. Ile ya mfuko tuliloweka kwenye pipa wiki mbili hivi mpaka ikawa nzito kama mtindi, tukachanganya ndoo 1 ya chokaa na 3 za mchanga wa mto uliochekechwa, wa ufukweni usiguse una chumvi. Ukuta unaulowesha kwanza, unapiga tabaka jembamba kama sentimita 1, unaacha lishike ndo unapiga la pili, na jua likiwa kali unatundika magunia mabichi lisikauke haraka likapasuka. Vaa glovu na miwani, chokaa inaunguza, kwenye jicho ni hatari kabisa.

Masizi nayo usiyapake rangi juu, yatarudi na doa la njano. Nilisugua na brashi ya waya, nikaosha kwa maji moto na sabuni ya unga, palipogoma nikabandua plasta.

Vigae nikaweka mistari miwili tu nyuma ya sinki. Kaunta nikamwaga slabu ya zege na nondo, nikamwagilia siku 7, na kimo nilimpima bibi mwenyewe akiwa anakatakata mboga, ikatoka sentimita 80, wengi wanaweka 85 mpaka 90 ila yeye mfupi na mgongo unamsumbua. Kama wazazi wako wanahama kwenye kuni kuja gesi acha matundu ya hewa chini karibu na sakafu, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa ikivuja inatulia chini, na mpira ukishafunga paka povu la sabuni kwenye maungio uangalie kama kuna bubujiko.

Ukikuta ni tofali za saruji basi plasta ya saruji haina shida, ila tafuta kwanza maji yanatokea wapi, bomba au paa. Chokonoa kesho kukiwa na mwanga utupie picha hapa, ya kule chini karibu na sakafu hasa.