Seneti haishiki pesa

Dada, umeuliza inakuwaje bajeti ya idara inakatwa wakati seneti ya chuo kikuu ilishakaa na hakuna aliyelalamika. Seneti haishiki pesa. Inashika mitaala, mitihani na nani ahitimu. Bajeti hupitishwa na baraza la chuo, na humo walimu tuna sauti ndogo mno.

Halafu kupitishwa ni jambo moja, pesa kuingia ni jingine. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kwa vyuo vya umma mishahara inatoka Hazina ya serikali, ila matumizi mengineyo, yaani yasiyo mishahara, kwa sehemu kubwa yanategemea ada, na ada mnajua inavyolipwa.

Mimi nipo chuo kimoja hapa Mtwara. Mwaka juzi safari ya wanafunzi kwenda Kilwa Kisiwani ilikuwemo kwenye bajeti, na muhuri juu. Alfajiri tukajipanga getini: basi lipo, dereva yupo, dizeli hakuna. Mihogo ya njiani tukailia palepale chini ya mkorosho.

Usipoteze muda kwa mkuu wa idara, naye anapewa tarakimu tu. Mbane mwakilishi wenu barazani, mwombe muhtasari wa kamati ya fedha kabla ya kikao kijacho.