Maswali ya Wasomaji: Fairuz ni wa Nani?

Mwezi jana tulitoa makala ya waimbaji wa Kiarabu na tangu hapo barua zinazokuja ni za Lebanoni tu, basi leo najibu hizo, zile za mapishi zingoje toleo lijalo.

Mama wa Kibokoni: Marehemu babangu alikuwa na kanda za Fairuz, kila asubuhi akifungulia huku anakunywa chai. Sisi tukajua ni Mmisri kama Umm Kulthum. Juzi mwanangu ananiambia ati ni Mlebanoni, tena Mkristo! Nami namjua kwa ule wimbo wa Makka. Imekuwaje?

Dadangu, mwanao amesema kweli. Fairuz ni mtu wa Beirut, jina alilozaliwa nalo ni Nouhad Haddad, babake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kupiga chapa na wakikaa mtaa wa Zuqaq al-Blat, watu wa hali ya chini tu. Hilo la Fairuz, yaani feruzi lile jiwe, alipewa na Halim el-Roumi, mwanamuziki wa redio ya Lebanoni, baada ya kusikia sauti yake akiwa msichana wa kwaya. Halafu akakutana na Assi Rahbani akaolewa naye, na Assi na nduguye Mansour ndio waliomtungia zile nyimbo zilizomtoa.

Wimbo wa Makka maneno yake ni ya mshairi Said Akl, naye Mkristo pia. Mimi nilipolijua hilo nilikaa kimya kidogo, manake ami yangu alikuwa akiusikiliza huo wimbo machozi yanamtoka, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwimbaji anasali wapi. Sikiliza vile anavyowataja mahujaji na ile Nyumba, mtu asiyependa hawezi kuimba vile, hawezi kabisa.

Na hapa ndipo mimi nampendea huyu mama. Mwaka 1969 rais wa Algeria Houari Boumédiène alizuru Lebanoni, Fairuz akaambiwa akamwimbie faragha, akakataa, nyimbo zake zikafungiwa redioni miezi sita. Yaani wewe kiongozi ukitaka kumsikia njoo ukae na wenzio umsikilize. Halafu 1975 vita vikaanza, Beirut ikagawanywa vipande viwili, mashariki Wakristo magharibi Waislamu, kila chama na bunduki zake, wengi wakahama nchi, yeye akabaki palepale na asikubali kuwa mwimbaji wa upande wowote. Watu waliokuwa wakirushiana mabomu usiku wakiamka asubuhi redio zao huku na kule zinacheza Fairuz. Vita vikaisha 1990, na 1994 akaimba katikati ya mji, Uwanja wa Mashahidi, pale pale palipokuwa mpaka wa kupigania. Wakaja wote.

Na ile chai ya babako na Fairuz asubuhi, dadangu, si yeye peke yake, Beirut na Damascus ndo desturi yao hiyo, asubuhi Fairuz, usiku Umm Kulthum.

Kijana wa Kisauni: Kwa nini rais wa Lebanoni kila mara ni Mkristo? Mwislamu haruhusiwi kugombea?

Ndugu yangu, kwenye katiba hutaikuta imeandikwa hivyo, ni mapatano ya mdomo ya 1943 walipokuwa wanapata uhuru kutoka kwa Ufaransa. Rais awe Mmaroni, yaani Mkristo wa dhehebu la Maroni, waziri mkuu awe Sunni, spika awe Shia. Hesabu yenyewe waliitoa kwenye sensa ya 1932, na tangu hiyo hawajahesabu watu tena mpaka leo, manake kila mtu anaogopa jibu. Bungeni Wakristo walikuwa na viti sita kwa kila vitano vya Waislamu, mpaka 1989 walipokaa Taif kule Saudia wakakubaliana nusu kwa nusu, na sasa viti ni 128.

Mimi naona inawaumiza. Fikiria hapa Mombasa kiti cha gavana kiwe cha ukoo mmoja milele, hata mtoto wako awe na akili vipi, alishakosa kabla ya kuzaliwa. Na wakikosana wenye viti nchi inasimama, ikulu ilikaa tupu tangu Oktoba 2022 mpaka Joseph Aoun alipochaguliwa Januari 9, 2025. Waziri mkuu akawa Nawaf Salam, aliyekuwa rais wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na huyu mimi ananipa matumaini kidogo.

Mwalimu wa Changamwe: Ni kweli spika wao kazaliwa Afrika?

Kweli mwalimu. Nabih Berri alizaliwa mji wa Bo, Sierra Leone, 1938, Walebanoni wengi walikuja Afrika Magharibi kufanya biashara. Ni spika tangu 1992. Na kama unafundisha historia wape wanafunzi jina la Mlebanoni Charles Malik pia, alikuwa kwenye ile kamati iliyoandika Azimio la Haki za Binadamu la 1948, watoto wetu wanalisoma azimio na hawajui Mwarabu alishika kalamu pale.

Msomaji wa Likoni: Nimesikia Fairuz amefiwa na mwanawe. Ni yupi?

Ni Ziad Rahbani, alifariki Beirut tarehe 26 Julai 2025, naye alikuwa mtunzi mkubwa, mpiga piano na mwandishi wa michezo ya jukwaani. Mwaka 1972 babake Assi alipata maradhi ya ubongo akalazwa, mama inabidi apande jukwaani bila mumewe, basi Ziad, kijana wa miaka 17 tu, akatunga muziki na ami yake Mansour akaandika maneno ya wimbo unaosema "watu wameniuliza habari zako". Fairuz akauimba 1973. Siku ya mazishi ya Ziad, mama huyo ana miaka karibu 90, alikuja kanisani kwa nguo nyeusi na miwani nyeusi, akakaa mbele, watu wakapita mmoja mmoja kumpa pole.