Nyumba ya tofali mbichi na maji ya mto: tuondoke wakati gani?

SWALI: Tunaishi bondeni karibu na mto Lukuledi, mkoani Lindi. Nyumba ni ya tofali mbichi, imepigwa lipu ya saruji kwa nje. Mume wangu anasema maji yakija tupandishe magunia ya korosho mezani, tusubiri yapungue. Ni salama?

JIBU: Hapana mama, msisubiri ndani. Tofali ambalo halijachomwa likilowa linarudi kuwa udongo. Maji yakituama ukutani kwa saa kadhaa, mistari ya chini inalainika huku ukuta wa juu na paa vikizidi kuielemea. Lipu inaficha hayo yote, kwa nje ukuta unaonekana mzima. Hatari hiyo haiishi mvua ikikatika: ukuta unaweza kuanguka maji yakiwa yameshashuka na watu wamerudi kulala.

Ondokeni mapema, tena mchana. Msitazame mbingu ya kwenu tu, maana mvua ikinyesha Masasi maji yake huja kwenu. Mvua zetu za kusini ni za Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo fuatilieni tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) redioni, na korosho zihamishieni mapema kwa ndugu aliye mlimani. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika, kwa hiyo msihesabu kwamba msaada utafika siku hiyo hiyo. Vyeti, vitambulisho na kadi za kliniki vifungwe kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na dawa za wazee.

Meni swichi izimwe kabla maji hayajaingia, mikono ikiwa mikavu. Yakishaingia, msiiguse. Njiani msivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanaishia magotini. Yanamwangusha mtu mzima, sembuse mtoto mgongoni.

Mkirudi, kisima kilichofunikwa na mafuriko kihesabuni kuwa kimechanganyika na vyoo: maji ya kunywa yachemsheni. Kabla ya kulala ndani, angalieni kona na pembe za milango. Ufa mpya wa mshazari, lipu iliyovimba, au mlango ulioanza kukwama ni dalili mbaya. Mwiteni fundi abandue lipu kidogo chini akiwa nje, agonge tofali kwa chuma. Chuma kikizama, laleni kwa ndugu mpaka ukuta ujengwe upya juu ya msingi wa mawe.